Imebadilishwa na nani?

Swali la Mama Sada halinitoki. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Leo mchana niko sokoni Mwanga, hapa Kigoma, nanunua mawese, muuzaji ananiita kwa mara ya pili nipokee chenji, kumbe akili yangu bado iko Kibirizi kwenye kile kikao cha kikoba cha Jumatatu.

Na wiki haikukosa mambo. Wifi kajifungua salama hospitali ya Maweni, mtoto wa kiume. Mkataba wangu umeongezwa mwaka mmoja, na mjomba tuliyemsubiri tangu Idi kashuka kwenye treni juzi na mizigo yake yote. Nimefurahi kote huko, Mungu anajua. Lakini nikishika kompyuta niandike, vidole vinakwenda kwa Mama Sada.

Wanaosoma hapa wanajua kwamba kikoba cha akina mama wa dagaa wamenikabidhi programu yao ya kutunzia hisa. Jumatatu ndiyo yalikuwa makabidhiano. Fundi aliyeiandika alikuja mwenyewe na kompyuta yake. Ni kijana mpole, ana heshima, na programu yake imepangwa vizuri, hilo lazima niliseme. Tulipofika kwenye kupitia majina, Mama Sada akasogea mbele na kitabu chake cha hisa. Mnakijua kile kitabu: kila hisa muhuri wake, na cha kwake mihuri imejaa ukurasa hadi ukurasa, mingine imefifia kwa maji na mafuta. Akataja namba ya simu. Fundi akaiandika. Likaja jina la Sada, binti yake aliyejiunga majuzi, na hisa zake chache. La Mama Sada halikuwepo. La Bi Mkubwa, mke mwenzie, ambaye simu yenyewe ni yake, nalo halikuwepo.

"Kwa hiyo hisa zangu zimepotea?"

"Hazijapotea, mama. Taarifa imebadilishwa tu."

"Imebadilishwa na nani?"

Kijana akatazama skrini. Akanitazama mimi. Mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda, suala la Mama Sada litashughulikiwa. Mama Sada akafunga kitabu chake, akakifunga tena kwenye kitenge, akarudi kukaa.

Ni hayo tu. Hakuna aliyepandisha sauti. Aliuliza kama mtu anayeuliza nani kachukua beseni lake, akitegemea atatajiwa jina kisha yeye aende kulifuata. Ndiyo maana limenikaa. Alikuwa na hakika kwamba jibu lipo.

Nimekaa na jibu hilo usiku kucha, maana kwa upande wa kompyuta kijana hakusema uongo. Programu yao imeandikwa kwa lugha ya Python. Wanachama wamewekwa kwenye kamusi, yaani ule muundo wa ufunguo na thamani: unatoa ufunguo, unapewa kilichohifadhiwa chini yake. Ufunguo alioutumia ni namba ya simu. Na mstari unaomwingiza mwanachama ni huu:

wanachama[namba] = taarifa

Nimeutazama mstari huu hadi nimeuchukia. Kama namba haimo, unaiingiza. Kama imo tayari, unaondoa kilichokuwepo na kuweka kipya mahali pake. Haulii, hauonyi, hauulizi kama una uhakika. Bi Mkubwa aliposajiliwa, Mama Sada akatoka. Sada aliposajiliwa, Bi Mkubwa akatoka. Kwenye lugha ya Java angalau ile amri ya kuingiza, "put", inakurudishia thamani ya zamani iliyoondolewa, inakupa nafasi ya kuiona, ingawa hakuna anayekulazimisha kuipokea. Python haikupi hata hiyo. Aliyebaki ni wa mwisho kuingia, na programu inaendelea na kazi yake ikiwa na afya njema kabisa.

Sasa hiyo "na nani" nimjibu vipi? Hakuna mtu aliyeketi akasema mtoeni Mama Sada. Hakuna aliyemwonea wivu wala aliyemwibia. Alitolewa na dhana, kwamba simu moja ni mtu mmoja. Dhana hiyo haikuokotwa Kibirizi. Kibirizi simu inakaa kwa mwenye chaji. Inakaa kwa anayebaki nyumbani wakati wengine wako kwenye vichanja wanageuza dagaa. Bi Mkubwa akienda Ujiji, simu anamwachia Mama Sada, na Sada ndiye anayewasomea ujumbe wote wawili kwa sababu macho yao hayaoni tena maandishi madogo. Mtu yeyote aliyekaa pale asubuhi moja tu angeliona hilo kabla hajafungua kompyuta.

Na dalili ilikuwepo. Programu ilikuwa inaonyesha idadi ya wanachama ndogo kuliko akina mama waliojaa ukumbini, na mhasibu anasema walidhani wengine bado hawajaingizwa. Ilikuwa inahesabu funguo, yaani inahesabu simu na kuziita wanachama.

Muundo uliotakiwa upo, na una miaka mingi. Kwa Kiingereza wanauita multimap, mimi na wenzangu ofisini tunasema maltimapu: ufunguo mmoja, thamani nyingi. Lugha ya C++ wanao kwenye maktaba yao rasmi, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari, tangu kiwango cha mwaka 1998. Java hawakuuweka kwenye maktaba ya lugha yenyewe, watu wengi wanauchukua kwenye Guava ya Google, au wanajitengenezea kwa kuweka orodha ndani ya kamusi. Python nayo ni hivyohivyo, orodha ndani ya kamusi, na tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006 kuna defaultdict, ambayo ukiigusa kwa ufunguo mpya inakutengenezea orodha tupu yenyewe, wewe unaongeza tu. Badala ya alama ya usawa unaandika "append". Tofauti ya neno moja, na watu watatu wote wanabaki.

Nilianza kazi hiyo Jumanne usiku, nikiwa bado na hasira, na nadhani hasira ndiyo iliyonifanya nisikubali jibu la haraka. Kwa sababu orodha peke yake haitoshi kuwa jibu la kila kitu.

Chukua hisa. Kwenye kikoba hisa ina bei moja, haipandi wala haishuki kwa mwanachama huyu na yule. Sasa siku za giza, dagaa wakitoka kwa wingi, Mama Sada anaweza kununua hisa asubuhi baada ya mnada wa kwanza, akarudi mchana akanunua nyingine. Mwanachama yuleyule, tarehe ileile, kiasi kilekile. Ukizihifadhi kwenye seti, seti haikubali vitu viwili vinavyolingana, kwa hiyo hisa ya mchana inamezwa. Kimya tena! Hata Guava wana aina mbili za maltimapu kwa sababu hiyo: HashMultimap inatupa jozi ya ufunguo na thamani iliyojirudia, ArrayListMultimap inaitunza. Aliyechagua ya kwanza bila kufikiri atakuja kumwambia mama mwingine kwamba hisa yake haijapotea. Kwa hisa nimeweka orodha, kila ununuzi unasimama peke yake na saa yake, kama mihuri kitabuni. Kwa namba za uanachama zilizo chini ya simu moja, hapo nimekataza kurudia, mtu asisajiliwe mara mbili kwa sababu mhasibu kabonyeza kitufe mara mbili.

Halafu kuna ule mtego wa defaultdict ambao huwa nawaonya vijana wa mafunzo kila mara. Ukiiuliza kuhusu namba isiyokuwepo kwa mabano ya mraba, kama yale ya mstari wa juu, haikuambii haipo. Inaiunda, inaiwekea orodha tupu, na kuanzia hapo namba hiyo imo. Mhasibu akikosea tarakimu moja wakati anatafuta, ameshazalisha simu ambayo haina mtu. Mwisho wa mwezi idadi imevimba na hakuna anayejua kwa nini. Kwenye kutafuta natumia "get", inayouliza tu bila kuunda, kwenye kuingiza ndiyo nairuhusu iunde. Na mwanachama wa mwisho wa namba fulani akijitoa, ufunguo wenyewe nauondoa, vinginevyo orodha tupu inabaki imekaa pale. Guava wanauondoa ufunguo huo wenyewe, na kwao ukiuliza ukubwa wa maltimapu unapewa idadi ya jozi zote, siyo idadi ya funguo. Ningependa na sisi tungekuwa nalo hilo, lingemstua mwenyekiti mapema.

Mwenzangu ofisini aliniambia niachane na simu kabisa, nimpe kila mama namba yake ya uanachama, mambo yaishe. Ni kweli, na nimefanya hivyo: hisa sasa zinafuata namba ya uanachama, ambayo ni ya mtu mmoja tu. Lakini simu haiondoki. Ujumbe unakwenda kwenye simu. Mhasibu anatafuta kwa simu, kwa sababu namba za simu ndizo wanazozijua kwa moyo. Kwa hiyo kutoka simu kwenda kwa watu lazima ubaki uhusiano wa moja kwa wengi, hata ukijenga nini juu yake. Nililisema hilo kwa ukali kidogo kuliko alivyostahili.

Jana Jumamosi nikateremka Kibirizi. Mihuri ndiyo iliyotuokoa, tuliingiza upya kitabu kwa kitabu, mhasibu anasoma, mimi naandika, na akina mama wakisubiri zamu zao kwenye mkeka nje. Mama Sada alipofika nikaandika ile namba. Yakaja majina matatu, moja chini ya jingine, kila moja na hisa zake. Nikamsomea. Akasogeza uso karibu na skrini, akaweka kidole juu ya jina la kwanza.

"Hili ni langu?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini niko juu ya Bi Mkubwa?"

Nikamweleza kwamba orodha inafuata aliyetangulia kusajiliwa, na yeye ndiye aliyetangulia.

"Hapana, mwanangu. Simu ni ya Bi Mkubwa. Ujumbe ukija unitaje mimi kwanza, yeye atajisikiaje? Aanze yeye, kisha mimi, kisha mtoto."

Jamani, nilifurahi! Nilitamani kumkumbatia palepale mbele ya mhasibu. Wiki nzima nimehangaika na seti na orodha, na yeye kwa dakika mbili ameona jambo ambalo mimi nilikuwa nimeliacha lijiamulie lenyewe: wakishakuwa wengi chini ya ufunguo mmoja, wanasimama kwa utaratibu gani? C++ wenyewe hawakuandika kwenye kiwango chao kwamba thamani za ufunguo mmoja zitabaki kwa mpangilio wa kuingia mpaka toleo la mwaka 2011. Na hata ukiwa nao, mpangilio wa kuingia siyo heshima ya nyumbani kwa watu. Sikutaka kulisogeza tu jina la Bi Mkubwa likae la kwanza na kuitegemea nafasi hiyo, kwani siku orodha itakapopangwa upya kwa alfabeti atashuka. Nimeongeza alama ya mwenye simu kwenye kila namba, na ujumbe unaanza na yeye popote alipo kwenye orodha. Nimemwonyesha. Akatikisa kichwa kukubali, akaniuliza kama Sada naye siku akinunua simu yake ataweza kuondoka bila kuwavurugia wao. Ataweza, nikamwambia, na tukajaribu palepale kwa jina la uongo, tukaliingiza, tukaliondoa, majina yao matatu yakabaki vilevile.

Swali lake la Jumatatu hakulirudia. Nilikuwa nimejiandaa kulijibu, nimepanga maneno tangu njiani kwenye bodaboda. Nikaona nisimfungulie tena. Kijana fundi naye kanitumia ujumbe leo, anaomba nimtumie nilivyobadilisha, na nimemtumia yote pamoja na maelezo ya ile alama ya mwenye simu na aliyeitaka iwekwe.

Jambo jingine, nisilale nalo. Baba ameacha tena dawa za presha. Nimezikuta kwenye kabati nilipokwenda kumsalimia baada ya Kibirizi, karatasi zimejaa vilevile, na nilipomuuliza akaniambia anajisikia vizuri, dawa ni za mgonjwa. Mama anasema ana wiki kadhaa. Wanaomjua baba wanajua ukimbana atakubali kwa mdomo tu uondoke. Kesho asubuhi nampigia shangazi Ujiji, yeye ndiye dada yake mkubwa na huwa anamsikiliza, ila sijui nianzeje bila baba kujua kwamba ni mimi niliyesema.