Haya, asante

Maneno mawili tu. Niliyasema Jumatatu saa nne asubuhi mbele ya dirisha dogo lenye nondo, na leo Jumamosi usiku bado yamenikwama kooni kama mwiba wa changu.

Habari ya kichwa cha Bi Mkubwa, mama yangu, kinavyomuuma mnaijua, nimeiandika hapa mpaka mmeichoka. Basi Jumatano ya wiki iliyopita ndiyo akapigwa ile picha ya kichwa, siti-skani. Tulitoka huku Nanyamba na gari la alfajiri, tukafika Mtwara mjini maduka hayajafunguliwa. Kupigwa kwenyewe hakukuchukua hata muda wa kumaliza chai: alilazwa kitandani, kitanda kikaingia kwenye lile duara, likaunguruma, akatoka anauliza kama ndiyo basi. Ndiyo basi, Bi Mkubwa. Majibu Ijumaa.

Ijumaa nikaambiwa Jumatatu. Jumatatu nikaenda tena, na msimu huu wa korosho kila siku ninayoacha mizani pale chama cha msingi cha ushirika, ninakopima korosho za wakulima, nailipa kwa kuandika madaftari usiku kucha. Kijana wa dirishani akaangalia kompyuta, mimi hakuniangalia.

"Kaka, picha ipo. Haijasomwa tu."

"Haijasomwa?"

"Bado. Pitia Alhamisi."

"Haya, asante."

Asante ya nini? Nauli imekwenda, siku imekwenda, mama yangu yuko nyumbani kajishika kisogo, na mimi nashukuru kama niliyekaribishwa pilau. Tangu hapo najibu upya. Nikiwa naoga nauliza: haijasomwa na nani? Nikiwa kwenye baiskeli: huyo msomaji yuko wapi nimfuate? Nikilala: hakuna namba ya simu nikapiga kwanza, nisije bure? Jumanne Mama Watoto alisimama nje ya bafu akauliza nagombana na nani humo ndani.

Na neno lenyewe, haijasomwa. Mimi nilijua picha inatazamwa. Nikampigia binti wa shangazi, yule muuguzi, akanicheka kwanza ndipo akanieleza. Aliyempiga picha kazi yake ni kupiga. Anayesoma ni mwingine, daktari bingwa wa mionzi, na mabingwa hao nchini ni wachache, wengi wako Dar es Salaam na miji mingine mikubwa. Kwa hiyo picha inaweza kusafiri kwa intaneti, ikasomewa huko mbali, ikarudi karatasi. Halafu si picha moja. Kichwa kinaonekana vipande vipande vyembamba kama slesi za mkate, vinaweza kufika mamia, na msomaji anapita kimoja baada ya kingine. Foleni nayo haifuati nani katangulia. Aliyeanguka na bodaboda usiku, aliyepooza upande mmoja ghafla, hao wanapita mbele. Bi Mkubwa aliyeingia kwa miguu yake anasogezwa nyuma. "Ukiona wanakuharakisha ndiyo uogope," akaniambia.

Nikatulia kidogo. Kidogo tu, kwa sababu maelezo yote hayo yalichukua dakika tano za muda wa maongezi. Yule kijana alishindwa nini? Na mimi nilishindwa nini kuuliza?

Usingizi ulikataa, nikawa napekua simu. Nikakuta habari za Röntgen, Mjerumani aliyegundua eksirei. Mkono wa mkewe aliupiga picha tarehe 22 Desemba 1895, na tarehe 1 Januari 1896 alishawatumia wanasayansi wenzake nakala kwa posta. Siku kumi, Krismasi ikiwa katikati. Nikahesabu na zetu, kama kweli Alhamisi ni Alhamisi: nane. Tumemshinda Mjerumani kwa siku mbili. Nikamwamsha Mama Watoto kumwambia, hakufurahi.

Mwenye kichwa chake ndiye hakuwa na haraka. Jumatano jioni nilimkuta anachambua mboga, nikaanza kulalamika, akanikatisha. "Picha ya harusi yetu tuliisubiri miezi miwili. Mpiga picha anasema filamu haijaisha, zimebaki nne. Ikabidi tungoje wengine waoe."

"Ikawaje?"

"Wakaoa. Ikaenda kusafishwa. Inarudi, baba yenu kafumba macho."

Alhamisi karatasi ikatoka. Ukurasa mmoja, Kiingereza kitupu, na Kiingereza changu mimi ni cha stakabadhi na uzito. Kuna neno limerudiwa mara tatu, nikalitafuta kwenye kamusi ya simu tukiwa tumekaa kwenye benchi tunasubiri kuingia kwa daktari. Kamusi ikasema: isiyo ya kustaajabisha. Nikaogopa, sikujua hilo ni jema au baya.

"Wanasemaje?" Bi Mkubwa akauliza.

"Wanasema ubongo wako hauna la kustaajabisha."

Akanyamaza kidogo. "Marehemu baba yenu aliniambia hivyo hivyo miaka arobaini, na bure."

Watu wa benchi zima wakacheka, hadi bibi mmoja aliyekuwa na dripu mkononi. Daktari naye akathibitisha kwamba lugha yao hiyo maana yake ni salama, hakuna uvimbe, hakuna damu. Akamrudisha kwenye presha, kwamba vidonge anavimeza siku akikumbuka, na akamwandikia akapimwe macho. Tulirudi na gari la mchana, tumenunua pweza. Ningeweza kuishia hapo, ingekuwa wiki nzuri: binti kamaliza mtihani wa kidato cha nne, barua ya posa ya mdogo wangu imepokelewa, mnada wa korosho umepita.

Lakini jana Ijumaa niko mezani pale chama, magunia yamepanga foleni mpaka nje, harufu ya mabibo imejaa kila mahali. Akaja mzee mmoja, korosho zake aliziingiza kabla ya mnada uliopita. Stakabadhi ameikunja mara nne, imekuwa laini kama kitambaa.

"Karani, vipi malipo?"

Mimi naandika. Kichwa sikuinua.

"Mzee wangu, hela ipo. Haijaingia tu. Pitia Jumatatu."

"Haya, asante, mwanangu."

Kalamu ikasimama yenyewe. Nilipoinua kichwa alishageuka, anashuka ngazi kwa mkongojo. Kwake nakujua, ni mbali, na njiani pale kwenye mwembe anakaa mtu wa kangomba, mlanguzi wa korosho, na noti mkononi, anayepokea korosho zilizobaki uani kwa bei ya kumliza mtu. Nilitaka kumwita. Ningemweleza kwamba mnunuzi kwanza analipa, fedha inapita chama kikuu, inashuka kwetu, tunapeleka majina benki, na jina likikosewa herufi moja linarudi. Dakika tano. Ila gunia lilikuwa juu ya mizani na mwenye gunia ananitazama.

Sikumwita.

Nimemsimulia Mama Watoto usiku huu. Anasema kwani kuna ubaya gani mzee wa watu kukushukuru, alitaka akutukane? Sijamjibu. Jumatatu akija, kama hela haijaingia, nadhani nitasimama. Au nimtafutie kiti kwanza. Sijui.

Halafu jioni hii, kufunga mlango wa uani, nimeona kijia cha udongo kimepanda kwenye fremu. Mchwa. Nimegonga kwa kidole kuanzia chini, panalia patupu mpaka usawa wa kitasa, na mawingu ya mvua yameshatanda upande wa bahari.