Uzoefu wangu: nilivyopata upondo wa kuoshea madirisha ya juu bila kuumiza mabega

Naosha madirisha hapa Reading, Uingereza, mwaka wa tano huu. Kwa wasioijua hii kazi, hatupandi ngazi, tunasimama chini na fimbo ndefu yenye brashi juu, maji yanapanda kwenye mpira mwembamba mpaka kwenye brashi, unasugua, unasuuza, unaliacha dirisha likauke lenyewe. Fimbo yenyewe ni vipande vinavyolala kimoja ndani ya kingine, unavivuta kupata urefu. Mimi naiita upondo, maana nimekulia Tanga na baba mdogo alikuwa na dau analolisukuma kwa upondo, siku ya kwanza nimeshika kitu hiki mwili ukakumbuka. Ila upondo wa baharini unausukumia chini, huu unaubeba juu siku nzima, na shida zote zinaanzia hapo.

Watu wakitaka kuanza wananiuliza ninunue wa futi ngapi. Hata mimi nilianza na swali hilohilo na lilinigharimu hela na bega la kulia, ndo maana naandika.

Wa kwanza haukuwa wangu, aliniazima shemeji, mume wa dada yangu, ndiye aliyenitoa kwenye usafi wa maofisi usiku akaniingiza kwenye hii. Ulikuwa wa alumini, futi 18, mzito kidogo lakini mgumu, haukuyumba. Mitaa niliyopewa ni zile nyumba za matofali mekundu zilizobanana, chini sebule juu vyumba, basi ulinitosha miezi minne mizima nikaona kazi nimeishika. Halafu nikapata mteja mpya, bibi mmoja mtu mzima anaishi peke yake, nyuma ya nyumba yake kuna konsavatori, ile sebule ya vioo wenyeji wanaijengea kwenye bustani, na juu yake kuna dirisha la chumba chake cha kulala. Nikavuta upondo wote mpaka mwisho, nikanyoosha mikono, brashi ikagusa nusu ya chini tu ya kioo. Bibi akaniambia usijali mwanangu, hilo halijaoshwa tangu waliposema ngazi haziruhusiwi kuegemea pale. Mimi lakini iliniuma, mtu analipia nyumba nzima halafu dirisha analoamka nalo asubuhi ndo linabaki chafu.

Jioni nikachukua karatasi. Kile kioo kinaishia kama mita 6 kutoka chini, mikono yangu inashika upondo kwenye mita 1, kwahiyo kwenda juu inabaki mita 5. Kwenye nyumba za kawaida nasimama mita 2 kutoka ukutani, ukipiga ile hesabu ya pembetatu tuliyofundishwa shule upondo unatakiwa uwe mita 5.4, karibu futi 18 kamili, kumbe ndo maana wa shemeji ulikuwa unatosha na mimi sijui hata kwanini. Pale kwa bibi konsavatori inanirudisha nyuma mpaka mita 4 kutoka ukutani, hesabu inakuja mita 6.4, yaani futi 21. Dirisha halijapanda hata inchi moja, mimi ndo nimesogezwa nyuma. Tangu siku hiyo kabla sijazungumza bei na mteja nazunguka nyumba kwanza naangalia nitasimama wapi, siyo dirisha liko juu kiasi gani.

Sasa hapo ningetulia ningenunua wa futi 25 mambo yangeisha. Sikutulia. Nikasema kama 18 imenishinda basi nichukue mkubwa kabisa nisije nikarudi tena kununua, nikapata kwa mtu anayeacha kazi upondo wa futi 45, mchanganyiko wa faibaglasi (nyuzi za kioo) na kaboni (nyuzi za kaboni), pauni 150, nikaona nimeokota dhahabu.

Wiki ya pili nilikuwa silali upande wa kulia. Kipande cha chini kabisa kwenye upondo mrefu vile ni kinene, mikono yangu midogo, vidole havifungi vizuri kwahiyo unakamata kwa nguvu saa zote, na hata kama dirisha ni la futi 20 tu bado umebeba vile vipande vyote vilivyolala ndani. Alafu juu unayumba. Unavuta brashi kulia, mkono umeshafika, brashi inakuja nyuma yake taratibu, ukisimama yenyewe inaendelea kucheza. Siku moja yenye upepo brashi ilijipiga kwenye mfereji wa maji ya mvua wa mteja ukachomoka kiungo, ikabidi nimlipe.

Aliyeniokoa ni kaka mmoja wa Mombasa tuliyekutana kwenye jengo la maofisi, yeye anaosha ghorofa nne tano kila siku. Akanitazama nikihangaika na madirisha ya ghorofa ya kwanza, akaja, "Dada yangu, wabeba nyumba nzima kwenda kuosha chumba kimoja? Hebu lete." Akafungua kule chini, akavuta vipande vitatu vinene akaviweka kwenye gari, akanirudishia kilichobaki. Uzito ulipungua nusu palepale. Sikuwa najua kabisa kwamba vile vinene vya chini vinatoka, nilidhani ukinunua umenunua hivohivo. Kama una upondo mrefu nyumbani na bega linauma, kabla hujauza fanya hilo kwanza, ni bure.

Ila kuyumba hakukuisha, na yeye ndiye aliyenieleza vizuri pondo zinatengenezwa kwa nini na nini. Faibaglasi ni bei nafuu na ukiudondosha unavumilia, lakini ukishapita futi 20 unapinda kama mwanzi mbichi. Kaboni ni nyepesi na ngumu, ila bei, na ukiukanyaga na gari au ukiangukia ukingo wa lami unapasuka. Huo mchanganyiko wa katikati unakupa kidogo cha huku kidogo cha kule. Alumini kwa nyumba fupi haina ubaya wowote, watu wanaidharau bure. Na kaboni yenyewe haifanani, kuna ya kawaida na kuna ile ngumu zaidi ya majengo marefu, ambayo kwa mtu wa nyumba za kawaida kama mimi ni kutupa hela.

Aliyewahi kuangua maembe kwa upembo ataelewa hiki kitu haraka kuliko maelezo yoyote ya dukani. Embe lenyewe halina uzito, lakini likishikwa kule nchani mikono yote inatetemeka. Kwahiyo cha kwanza nilichobadilisha haukuwa upondo, ni brashi. Yangu ilikuwa pana na ya kizamani, nikaipima jikoni gramu 600 ikiwa kavu, nikanunua nyingine ya gramu 300 na kitu, na ule upondo mbaya wa futi 45 ukawa wa kuvumilika siku hiyohiyo. Na maji nayo yana uzito, mpira wenye tundu la milimita 5 unabeba kama gramu 20 za maji kila mita, si nyingi, lakini jumlisha na mpira wenyewe halafu uning'inize juu, utaona. Mimi napitisha mpira ndani ya upondo usinase kwenye maua ya watu.

Baada ya hapo ndo nikaenda kununua wa kwangu, na safari hii nilienda na brashi yangu, mpira wangu na glavu zangu za baridi kwenye mfuko. Muuzaji akanipa upondo umefungwa wote nimeushika katikati, akasema sikia ulivyo mwepesi. Nikamwambia samahani kaka, umefungwa kila upondo ni mwepesi, naomba tutoke nje tuuvute wote. Tukatoka. Nikafunga brashi yangu, nikauvuta mpaka futi 25, nikasugua ukuta wa lile ghala dakika tano kamili kwa saa ya simu bila kuuteremsha. Dakika ya kwanza kila kitu kizuri, ni dakika ya nne ndo inasema ukweli. Nilijaribu mitatu hivyo. Mmoja ulikuwa mwepesi kuliko wote lakini nikisimamisha mikono nchani unaendelea kucheza mara tatu nne, nikauacha. Na angalieni jinsi wanavyoandika urefu, wengine wanaandika wa upondo wenyewe, wengine wanaandika unapofika, yaani wamejumlisha na urefu wa mtu aliyeushika. Nenda na futi yako upime.

Klampu, vile vibano vinavyoshika vipande visiteremke, nilizifungua na kuzifunga nikiwa nimevaa glavu. Hili nalisisitiza sana kwa sababu ule wa futi 45 klampu moja ilikuwa imelegea, asubuhi moja ya Januari vidole vimekufa ganzi sikusikia kama haijabana, kipande cha juu kikateremka kikanibana kidole cha shahada kati ya klampu mbili, kucha ikatoka. Klampu nzuri ina skrubu ya kukaza ikianza kulegea, na inauzwa mojamoja. Niliuliza na vipande vyenyewe kama vinauzwa kimojakimoja, kikipasuka cha pili nisinunue upondo mzima. Upondo usio na vipuri mimi siuchukui hata uwe na bei gani.

Nikachukua wa kaboni ya kawaida, futi 25, pauni 340, nimeupima na mizani ya sanduku la safari unakaribia kilo 1 na robo tatu bila brashi. Wa futi 45 sikuuza, unakaa kwenye gari, mara mbili kwa mwezi nina fleti za ghorofa tatu nautoa, naosha saa moja narudisha.

Jambo moja siyo la starehe wala la hela. Kaboni inapitisha umeme, alumini pia, na faibaglasi iliyolowa au yenye uchafu usiiamini. Nina kichochoro kimoja waya wa umeme unapita kutoka nguzoni kwenda kwenye kona ya nyumba, karibu kabisa na dirisha la choo cha juu. Lile dirisha silioshi kwa upondo wowote, nimemwambia mwenye nyumba na bei nimempunguzia. Na kila nyumba, hata niliyoosha mara hamsini, naangalia juu kwanza ndipo nainua. Kanuni za Uingereza za kazi za juu za mwaka 2005 zinataka uepuke kupanda pale inapowezekana kufanya kazi ukiwa chini, ni sababu mojawapo hizi pondo zimeenea sana huku, lakini kubaki chini kusikufanye usahau kilichopo juu.

Maji sitayasema sana, yana habari yake. Huku yanatoka kwenye miamba ya chokaa, mashine yangu ya kupimia madini yaliyoyeyuka kwenye maji inasoma karibu 300 kwenye bomba, na mimi siyatumii mpaka yapite kwenye filta na resini, yaani punje zinazonasa hayo madini, yasome sifuri, la sivyo dirisha linakauka na madoa meupe na hakuna upondo utakaokusaidia.

Jioni naufuta kila kipande na kitambaa chenye maji safi, maana mchanga ukiingia kwenye klampu unakwangua kaboni mpaka inaanza kutoa vumbi jeusi na vijiba vinavyochoma mikono kama miba ya samaki. Dakika kumi tu. Ule wa kaboni una miaka mitatu sasa na nimebadilisha klampu mbili.

Kwa bibi naenda kila wiki ya sita. Nasimama pembeni ya mti wake wa tufaha, mita 4 kutoka ukutani palepale, naosha fremu kwanza halafu kioo, naacha futi kama nne zimelala ndani ya upondo hazijavutwa, na mwezi uliopita aliniomba kama naweza kuosha na paa la konsavatori.