Madaktari wa tiba kinga wanaingia mtandao wa VA, maveterani wetu msikae nyuma

Naomba mnivumilie leo maana hili jambo limenikaa rohoni na nitaliandika mpaka nimalize. Eneo analoishi shemeji yangu huko Texas kuna daktari wa tiba kinga, yaani wa kuzuia ugonjwa kabla haujaanza, amejiunga na mtandao wa VA, ule wa kuwatibia maveterani kwenye kliniki zilizo nje ya hospitali za VA, na mi kama nesi nasema watu kama huyu ndo tulikuwa tunawahitaji siku zote.

Kwa mlioko nyumbani, VA ni idara ya serikali ya Marekani inayowahudumia waliotumikia jeshi, ina hospitali zake yenyewe na waliojiandikisha kutibiwa ni kama milioni 9. Na msidhani ni Wamarekani wa kuzaliwa tu, vijana wetu wapo humo, kuna walioingia na grini kadi, kuna walioingia na ule mpango wa MAVNI ambao jeshi lilikuwa linatafuta watu wenye lugha kama Kiswahili, wakapelekwa huko walikopelekwa, wakarudi, sasa hivi wanaendesha matrela na kulea wazee usiku, na ukimuuliza habari za afya yake anakujibu niko fiti, nikizidiwa ntaenda.

Mtandao wenyewe umetokana na machungu. Mwaka 2014 ilifichuka kwamba hospitali ya VA ya Phoenix ilikuwa na orodha za siri za watu wanaosubiri miadi, wengine wakafariki majina yao yakiwa bado kwenye orodha, mpaka waziri wa VA, Eric Shinseki, akajiuzulu. Mwaka huo huo Bunge likaleta mpango wa Choice wa kuwaruhusu maveterani kutibiwa nje ya VA, nao ukasumbua, halafu 2018 ikapita sheria ya MISSION iliyoanza kutumika Juni 2019. Inavyofanya kazi ni hivi, kama wastani wa kuendesha gari hadi VA unazidi dakika 30 kwa daktari wa kawaida au wa afya ya akili, ama dakika 60 kwa bingwa, au ukiambiwa usubiri zaidi ya siku 20 kwa wa kawaida na 28 kwa bingwa, unaruhusiwa kutibiwa nje na VA inalipa. Mashariki na katikati ya nchi mtandao unasimamiwa na kampuni ya Optum, magharibi pamoja na Texas ni kampuni ya TriWest.

Sasa huyu wa tiba kinga ni nani? Watu wakisikia daktari bingwa wanawaza moyo, figo, mifupa. Huyu anasoma udaktari kama wenzake halafu anaongeza mafunzo ya afya ya jamii, takwimu, sumu za kazini na mazingira, jinsi ugonjwa unavyoanza polepole kwa watu walioishi au kufanya kazi sehemu moja. Bodi yao ipo tangu 1948. Wengine wamebobea kwenye tiba ya kazini kabisa, na jeshi si kazi? Tena kazi ya vumbi, kelele, mafuta na moshi.

Shemeji alikaa Balad, Iraki, kambi iliyokuwa na lile shimo kubwa la kuchomea taka. Miaka yote akienda na kikohozi chake anapewa dawa ya mzio anarudi nyumbani. Huyu daktari hakuanza na kifua, alianza kumuuliza mlikuwa mnalala umbali gani na shimo, usiku upepo ulikuwa unavuma kuelekea wapi, mlikuwa mnachoma nini. Shemeji akaanza kutaja, matairi, chupa za plastiki, betri, makopo ya rangi, na mafuta ya ndege ya kuwashia moto. Akaulizwa na jenereta, na kama alikuwa anaziba masikio, alivuta sigara pakiti ngapi kwa miaka mingapi, usiku anakoroma, baba yake ana presha? Mwisho akaandikiwa apimwe pumzi kwa mashine, apimwe masikio, na kwa vile ameshafika miaka 45 akachunguzwe utumbo mpana. Alipotoka akanipigia, "Shem, huyu mtu kaniuliza mambo ambayo hata dada yako hajawahi kuniuliza." Nilifurahi jamani, nilifurahi sana.

Sheria ya PACT ya Agosti 2022 ndo ilileta kwamba kila veterani aliyejiandikisha VA aulizwe kuhusu sumu alizokutana nazo, angalau mara moja kila miaka 5. Ni maswali machache tu, dakika chache yameisha. Ukishajibu ndiyo, nilivuta ule moshi, lazima awepo mtu wa kulishika hilo jibu na kulifuatilia mwaka hadi mwaka, na hapo ndo naona hawa madaktari wana nafasi yao kabisa.

Shida ni kwamba mlango wa rufaa umejengwa kumsubiri mgonjwa. Huwezi kujiendea tu kliniki ya nje, lazima VA iidhinishe kwanza, tofauti ni ile huduma ya haraka kama umetibiwa VA ndani ya miezi 24 iliyopita. Mtu ambaye hajalalamika kitu nani atamwandikia rufaa? Lakini kuna kipengele wengi hawakijui, daktari wako wa VA mkikubaliana kwamba kutibiwa nje ni kwa manufaa ya afya yako, hiyo peke yake ni sababu tosha, na tangu Mei 2025 haihitaji tena daktari wa pili wa VA aipitie. Kwa hiyo mwambie wazi, nilikuwa Balad, nilikuwa Kandahar kule Afghanistan, nataka mtu wa kuangalia hayo mambo kabla sijaugua.

Na nyie madaktari, najua malipo yanafuata viwango vya Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, na kukaa na mtu saa nzima ukimuuliza upepo ulivuma wapi hakulipi kama upasuaji. Bado nawaomba mjiunge. Ila mkijiunga rudisheni ripoti VA, tafadhali sana. Shemeji aliwahi kupigwa picha ya kifua kwenye kliniki moja ya nje, haikufika VA, akapigwa tena, mionzi mara mbili kwa sababu ya karatasi. Kwa tiba kinga hilo ni baya zaidi, manake kipimo cha leo kazi yake kubwa ni kulinganishwa na cha miaka ijayo, kikipotea mtu anaanza upya.

Kwa veterani utakayesoma hapa, kama maswali ya sumu hujawahi kuulizwa piga simu kliniki yako ya VA uyaombe. Ukipata rufaa, hakikisha idhini imeshatoka kabla ya kwenda kwenye miadi. Na bili ikikufuata nyumbani kutoka kliniki ya nje kwa huduma iliyoidhinishwa usikimbilie kulipa, piga VA kwanza, wale wanatakiwa kudai kwa TriWest au Optum, mchango wako kama upo utaletewa na VA yenyewe.