Usiku tulioipasua 4294967297

Namba hii naijua kwa kichwa, 4294967297, nilikutana nayo fomu faivu kombi ya PCM (fizikia, kemia na hesabu), ilikuwa prepo ya usiku na ticha wa hesabu ndo alikuwa zamu, akaingia akaiandika ubaoni akauliza tu, hii ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe, au sio tasa? Akavuta kiti akakaa.

Ni 2 kipeo cha 32 ukijumlisha 1. Akatuambia Fermat, yule Mfaransa wa miaka ya 1600, aliona 3, 5, 17, 257 na 65537 zote ni tasa, na zote zinatoka kwenye 2 yenye kipeo 1, 2, 4, 8, 16 halafu unaongeza 1, basi akaamini zinazofuata nazo zitakuwa tasa tu. Hii ndo ya sita.

Tukaanza kugawa kwa fujo, 3 haiingii, 7 haiingii, 11 haiingii, mwenye kalkuleta anabonyeza, wengine kwa mkono, na kipeuo chake cha pili kinazidi 65536 kwahiyo ukienda hivyo una tasa zaidi ya elfu sita za kujaribu, prepo ingeisha na muhula ungeisha.

Ticha akasema acheni kwanza. Kama kuna tasa inaigawa hii, basi ukigawa 2 kipeo cha 32 kwa hiyo tasa inabaki -1, yaani imepungukiwa 1 tu kugawanyika kamili, ukizidisha yenyewe kwa yenyewe inabaki 1, yaani ukipandisha vipeo vya 2 kimoja kimoja mabaki yanarudi mwanzo kwenye hatua ya 64, sio kabla, na kwa kanuni ya Fermat huyo huyo hiyo 64 lazima iingie kamili kwenye hiyo tasa ukitoa 1. Kwahiyo tafuteni zile tu zinazobaki 1 ukigawa kwa 64!!

Aisee nilisisimka. Elfu sita zote zimeyeyuka, tukaorodhesha 65, 129, 193, 257, 321 na kuendelea, tukifuta zisizo tasa, ikabaki 193, 257, 449, 577, 641. Nne za kwanza zikakataa. Ya tano kalkuleta ikatoa 6700417 bila desimali hata moja, darasa zima likapiga meza. Euler, mwanahesabu wa Uswisi, naye aliipasua kwa 641 mwaka 1732.

Ila mimi kilichonimaliza ni alichoandika baada ya hapo, kwamba 641 ni 5 mara 128 jumlisha 1, na pia ni 625 jumlisha 16, yaani 5 kipeo cha 4 na 2 kipeo cha 4. Ukihesabu mabaki tu ya kugawa kwa 641, 5 mara 128 ni -1, ipandishe kipeo cha 4 inakuwa 1, yaani 625 mara 2 kipeo cha 28 ni 1, na 625 ni sawa na -16, badilisha 625 weka -16, unapata 2 kipeo cha 32 ni -1. Imeisha, hujagawa kitu! Nilimwomba mwalimu asifute ubao, nikanakili yote, na chini kabisa akaniongezea ya saba, 2 kipeo cha 64 jumlisha 1, tarakimu 20, kigawo chake kidogo 274177, alikipata Clausen, mwanahesabu wa Denmark, mwaka 1855.