Jioni ya vielezi Gulu

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Katiba ilikuwa imekwisha kukitambua kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, lakini karatasi ni karatasi. Pale Gulu, mji wa Waacholi kaskazini mwa Uganda, walionijia mimi hawakuwa walimu wa shule. Walikuwa akina mama wa sokoni waliokuwa wakiwauzia simsim na maharage wanunuzi kutoka Kenya, wamechoka kuongea na wateja kupitia kwa madereva wa malori. Mimi ni mtu wa Busia, mpakani, Kiswahili changu nimekiokota stendi kabla ya kukisomea chuoni. Tukakubaliana tukutane jioni, wakishafunga vibanda.

Jioni ninayoikumbuka ni ya vielezi. Niliuliza nani ana neno la kueleza kitendo kinafanyika vipi. Majibu yakaja mfululizo. "Upesi!" "Haraka!" Bibi mmoja muuza simsim, aliyekuwa akikaa mbele kabisa, akaunganisha: "Lala chini! Upesi!"

Darasa likacheka, kicheko cha watu wazima wanaojua wanachokicheka. "Chini" ni kielezi cha mahali, si cha namna, ila sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Kwa Waacholi wengi Kiswahili kilibisha hodi kikiwa kimevaa buti. Rais Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa 1973, na majeshi yaliyofuata hayakuacha kuamrisha kwacho. Aliyepitia vita vya kaskazini na maisha ya kambini hahitaji mwalimu wa kumweleza maana ya "upesi".

Nikaandika ubaoni: -zuri, vizuri, -ema, vyema. Wiki iliyotangulia sifa ziliwatesa: mtoto mzuri, kiti kizuri, maji mazuri, nyumba nzuri, mpaka mama mmoja akauliza kama Waswahili hulipwa kwa kila herufi. Sasa wakaona kielezi hakina habari na ngeli. Mvua imeanza vizuri. Mkutano umeanza vizuri. Maharage yameota vizuri. Vi- ile ile, haibadiliki. Wakaniambia kwao "maber" inatosha pote, kwa mtu mwema na kwa safari njema, "wot maber". Nikawajibu kwamba hata sisi tungeweza kuishi na "vizuri" peke yake, ila tungekuwa maskini.

Maana kila jambo jema lina kielezi chake. Kinachoanza, twapenda kusema kimeanza vyema. Aliyetoka Kampala akavuka daraja la Karuma bila mkasa, amefika salama. Ukisema amefika vyema utaeleweka, lakini mama yake atakuwa bado anasubiri lile neno lenyewe. Mzigo uliokazwa kamba usiyumbe umefungwa barabara. Hapo kijana wa bodaboda, mwanamume pekee darasani, akadakia: "Mwalimu, kwa hiyo mambo yakienda barabara, yamepanda basi?" Swali halali kabisa. Ikabidi nieleze kwamba neno moja lina kazi mbili, naye akaridhika nusu. "Shwari" nililiruka, niliwaachia watu wa pwani na bahari yao.

Kisha nikarudi kwa bibi wa simsim, maana lile "lala" lake lilinikaa. Nikaandika: lala salama. Lala unono. Akataka kujua la pili, nikamwambia ndiyo "buto maber" ya Kiswahili, mtu huagwa hivyo usiku. Akalijaribu mara kadhaa kwa sauti ya chini, halafu akamgeukia jirani yake na kumwambia kwa Kiacholi neno lililowafanya wote wawili waangue kicheko. Hawakunitafsiria.

Hatujamaliza, simu ya bibi wa simsim ikaita. Mnunuzi wake wa Kenya, anaulizia magunia. Mama akasimama, akajishika kiuno, na kwa mara ya kwanza sikusikia dereva akiitwa.

"Mzigo umepakiwa vizuri. Umefungwa barabara. Utafika salama." Akapumua. "Sasa tuma pesa upesi!"

Darasa zima likapiga makofi. Mnunuzi naye alikuwa anasema kitu kirefu. Mama akasikiliza huku uso unakunjamana, akaweka kiganja juu ya simu na kuniinamia.

"Mwalimu, mazuri haya tumeyasikia. Wiki ijayo tufundishe hesabu. Huyu anasema laki na kitu, na hicho kitu ndicho sikijui."

Nikaichukua simu. Ilikuwa laki na themanini, na hiyo ni nusu tu ya bei waliyopatana. Mama akainyakua tena, na yaliyofuata aliyasema kwa Kiacholi.