Superman wa Nintendo 64: ukungu mnauonea tu

Watu wakianza kutaja magemu mabovu kuliko yote, Superman ya Nintendo 64, ile mashine ya magemu ya zamani, haikosekani, na wengi wanaanza na lawama moja tu: ukungu. Ule wa kijani uliojaa Metropolis nzima, mji wa Superman, jengo likiwa mbele kidogo tu hulioni, unakaribia ndo linachomoza ghafla. Sawa, unakera. Ila mi nasema ukungu mnauonea bure, ugonjwa wa lile gemu uko kwingine kabisa.

Kwa ambao hawajaligusa, lilitoka 1999, limetengenezwa na Titus, kampuni ya Ufaransa, na limefuata ile katuni ya Superman iliyoanza kuonyeshwa kwenye tivii 1996. Stori yenyewe Lex Luthor, adui mkubwa wa Superman, kawanasa rafiki zake Lois Lane, Jimmy Olsen na Profesa Hamilton ndani ya Metropolis ya kompyuta, basi Superman anawafuata humohumo akawatoe. Na ule ukungu wakasema ni kryptonite, lile jiwe linalommaliza nguvu Superman, yaani mashine imeshindwa kuchora mji mzima halafu anasingiziwa Lex 😂 hapo nilicheka kweli.

Sasa njoo kwenye kucheza. Nimeliweka kwenye emuleta, programu ya kuchezea magemu ya mashine za zamani, gemu linaanza, hujapiga adui, hujaokoa mtu, unaambiwa upite kwenye mapete. Pete zinaning'inia hewani moja baada ya nyingine, taimu inakimbia, na Superman wako anaruka kama ndo anajifunza leo, unasukuma stiki kidogo anapinda mazima, ukijaribu kumrudisha anapitiliza upande wa pili, pete hiyoo imepita. Ukizikosa nyingi wanakuandikia kwamba Lex kashinda. Ukifanikiwa unapewa kazi ya haraka haraka, mfano kuwahi magari kabla hayajagonga watu barabarani, hata hujaelewa unatakiwa ufanye nini muda umeisha, unarudishwa kwenye pete uanze upya. Pete tena jamani! Halafu ukivuka hapo na leveli ya ndani ya majengo ukaimaliza, unadhani sasa gemu limeanza, kumbe nje zinakusubiri pete nyingine.

Na kitu kinachoniuma zaidi kama shabiki ni nguvu zake. Macho ya moto, pumzi ya barafu, kukimbia kwa kasi, vyote hivyo unaviokota, na vikitumika vinaisha. Mtu katoka sayari ya Krypton anaokota nguvu zake sakafuni?

Eric Caen, mmoja wa waanzilishi wa Titus, alikuja kueleza baadaye kwamba wenye haki za Superman waliwabana sana, hawakutaka kabisa aonekane anapiga watu wa kweli, ndo sababu mji ukageuzwa kuwa wa kompyuta. Namwelewa, kufanya kazi na mwenye mali anayekukatalia kila kitu ni mateso, na Superman mwenyewe ni mgumu kumtengenezea gemu, risasi haimwingii, anaruka, sasa utamtisha na nini? Lakini masharti hayo hayaelezi kwa nini kuruka kwenyewe kuwe kubovu vile. Mtu ananunua gemu la Superman kwa sababu anataka kuruka, hicho kimoja tu kikikaa vizuri mengine yote tungesamehe.

Ushahidi ninao. Mwaka uliofuata, 2000, ikatoka Spider-Man ya Neversoft kwenye PlayStation, wengi mmeicheza hiyo. Mnakumbuka New York ilivyokuwa? Unarukaruka juu ya maghorofa, chini hamna barabara, hamna magari, ni gesi tupu imejaa, ukidondokea humo umekufa. Na wao walikuwa na sababu yao kwenye stori, gesi imeachiliwa na maadui. Ujanja uleule wa Titus! Mashine haiwezi kuchora mitaa basi funika. Ila husikii mtu analalamika, kwa sababu unabonyeza, utando unatoka, jamaa anabembea anakwenda pale unapotaka wewe, unajisikia ndo Spider-Man mwenyewe, nani ana muda wa kuangalia chini.

Cha ajabu hiyo Superman pamoja na ubovu wote iliuza vizuri tu ilipotoka, jina lilitosha. Toleo la PlayStation walipewa watu wengine kabisa, BlueSky Software, likafutwa kabla halijafika madukani, na hilo ndo natamani lingemaliziwa tuone jamaa angeruka vipi.