Rili nne mezani: siku moja ya fundi anayejichongea vipuri

Saa 12:30 asubuhi

Kabla sijashika bisibisi naangalia bakuli la siki. Usiku nililaza humo vipande vya shaba njano vilivyovamiwa na ukoga wa kijani, na sasa ukoga wote umeachia. Alumini sikuitia humo. Siki haina huruma nayo, ukiisahau saa chache unaikuta imechubuka. Nasuuza kwa maji yenye magadi kidogo, nakausha, kisha napanga kila kitu kwenye trei ya vishimo kwa utaratibu kilivyotoka ndani ya rili, yaani kile kifaa cha kuvulia samaki kinachoviringisha mshipi kwenye spuli, kibiringo chake. Picha nilizipiga jana, kabla ya kufungua na baada ya kila skrubu. Kumbukumbu yangu siiamini, na anayeamini yake hajawahi kubaki na washa moja (kile kiduara chenye tundu) mkononi baada ya kufunga rili.

Leo zipo nne: ABU Ambassadeur nyekundu isiyopanga mshipi, Mitchell 300 ambayo upinde wake (waya unaouelekeza mshipi kwenye spuli) haufungi, Penn Senator iliyoliwa na chumvi, na moja isiyo na jina lolote ambayo bamba lake la pembeni limepasuka. Vipuri vya baadhi yake bado vipo mikononi mwa wakusanyaji. Lakini kusubiri wiki kadhaa kipande kisichofika ukubwa wa ukucha, na chini ya meza nina sanduku zima la vyuma chakavu, mimi siwezi.

Nina kanuni moja: kipande ninachochonga mimi ndicho kife kwanza. Hicho naweza kuchonga kingine.

Saa 2 asubuhi

Naanza na nyekundu. Ambassadeur 5000 ilitoka mwaka 1952 huko Svängsta, Uswidi, na ABU ni kifupisho cha AB Urfabriken, yaani kiwanda cha saa. Carpano & Pons wa Cluses, Ufaransa, waliotengeneza Mitchell, nao walitokea kwenye kazi ya vipande vya saa. Ukilijua hilo hushangai tena kwa nini skrubu zake ni ndogo hivi, wala huiachi nyundo karibu.

Kinachopanga mshipi kwenye spuli ni parafujo yenye mifereji miwili inayokatana, mmoja waenda kulia na mwingine kushoto. Ndani ya mfereji hutembea kipande kidogo ninachokiita ulimi. Ukifika mwisho wa parafujo, ulimi hugeuka wenyewe na kurudi ulikotoka. Ncha ikilika haugeuki tena, mwongozo wa mshipi unakwama upande mmoja na mshipi unarundikana kama kichuguu.

Zamani niliwahi kuchonga ulimi wa namna hii kutoka kwenye shina la keekee iliyovunjika. Chuma kigumu kwelikweli, tupa ilikuwa inalia juu yake, nami nikajisifu. Msimu mmoja baadaye rili ile ilirudi. Ulimi mzima, unang'aa, ila parafujo imeliwa hadi mifereji miwili imekuwa mtaro mmoja. Mwenye rili hakusema neno, aliiweka tu mezani akaniangalia. Kanuni yangu ilianzia hapo.

Leo natumia skrubu ya shaba njano yenye unene wa milimita 6. Naibana kwenye drili, naizungusha polepole na kuikereza kwa tupa laini mpaka shina lipite kwenye tundu lake bila kutikisika. Kisha jiliwa na tupa ya sindano. Ncha lazima iwe nyembamba kuliko mfereji kwa unene wa karatasi tu, na ukingo wake uchimbwe kama mwezi mchanga ili ukumbatie mgongo wa parafujo. Ulimi mrefu mno hubana pale mifereji inapokatana, na mfupi mno huruka njia. Napaka wino, naupitisha, natazama wino umefutika wapi, napunguza hapo tu. Leo nimerudia mara kumi na moja. Ya kumi na mbili, mwongozo umekwenda na kurudi kwa sauti ya mtu anayetembea na soksi.

Saa 4:15 asubuhi

Mitchell. Wanaoijua wameshakisia ugonjwa: springi ya upinde imekatika.

Waya wa piano ninao wa kutosha, wa unene ule ule wa springi iliyokatika. Nikitaka springi yenye tundu la milimita 6 naviringisha kwenye fimbo ya milimita 5, kwa kuwa waya ukiuachia hujikunjua kidogo. Jambo la kuchunga ni upande wa kuviringisha. Springi ya namna hii inatakiwa ifanye kazi ikijikaza, si ikijifungua. Nimesharudia somo hili mara nyingi kwa wengine, na leo ya kwanza nimeiviringisha kinyume. Imekaa mahali pake vizuri, ikapendeza, na ikausukuma upinde wazi badala ya kuufunga.

Ya pili nimeiviringisha sawasawa na kuiweka kwenye oveni ya karakana kwa nyuzi 250 hivi, nusu saa, ili waya usahau mateso ya kukunjwa. Wapo wanaoichoma kwa moto hadi iwe nyekundu. Hapo umeua ugumu wote, umebaki na waya wa kufungia uzio.

Naiingiza kwa koleo, inachomoka. Nasikia "ti!" mahali fulani nyuma yangu.

Najua. Kazi ya springi hufanywa mikono ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Mfuko wenyewe umening'inia msumarini mbele ya macho yangu. Nimetambaa chini ya meza dakika ishirini, nimeokota skrubu mbili za rili nyingine niliyokwisha kuirudisha kwa mwenyewe (sasa nina wasiwasi), springi sijaiona. Nikaviringisha ya tatu.

Upinde nao ulikuwa umepindika. Nimechukua spoku ya baiskeli ya stenlesi, milimita 2, nikaikunja kwa kufuata kiolezo cha mbao. Ukiwa na spoku, wa nini waya mwingine?

Saa 6:30 mchana

Bamba lililopasuka ni la bakelite, ile plastiki aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907. Ikishaganda haiyeyuki tena, kwa hiyo pasi ya lehemu kaa nayo mbali. Natoboa kitundu cha milimita 1 pale ufa unapoishia ili usiendelee kutembea, nasafisha mafuta, natia gundi ya epoksi na kubandika kipande cha shaba kwa ndani. Gundi inataka mpaka kesho. Rafuni.

Saa 8 mchana

Simu. Mwenye Senator.

"Fundi, umeshaifungua?"

"Nimeifungua mzee. Washa za breki ni za ngozi, zimekauka zimekuwa jiwe."

"Basi niwekee za kaboni. Na mkono mrefu wa kuzungushia. Nataka breki isiyoachia hata kidogo."

"Mzee, breki isiyoachia si breki, ni fundo."

Akacheka, ila nikamsikia hajakubali. Mazungumzo haya nimeyafanya na watu wengi kuliko rili nilizonazo. Kazi ya breki ya rili ni kuuachia mshipi utoke taratibu samaki akivuta kwa nguvu. Senator ilianza kutengenezwa mwaka 1936, ikabuniwa kwa washa zenye kikomo chao, na vyuma vya ndani vilipimwa kwa kikomo hicho. Ukiipa breki ya kaboni, nguvu haipotei hewani. Inahamia kwa mwingine.

Nikamfanyia hesabu kwenye simu. Tuseme samaki anavuta kwa kilo 10, mshipi umejaa hadi sentimita 3 kutoka katikati ya spuli, na gia inazidisha mara 2.5. Zidisha: 10 mara 3 mara 2.5 ni 75. Sasa gurudumu la meno linalozuia mkono usirudi nyuma, meno yake yako sentimita 1 kutoka katikati. Maana yake kilo 75 zimekaa kwenye ncha ya kizuizi kimoja, kipande unachoweza kukificha chini ya kidole gumba.

"Kilo sabini na tano?"

"Hapo bado samaki hajatikisa kichwa."

Kimya kidogo. "Haya mwanangu, fanya unavyojua. Ila mkono mrefu usininyime."

Mkono sina ugomvi nao. Kutoka milimita 60 kwenda 80, anayezungusha anapunguziwa robo ya nguvu. Kifundo cha kushikia nitakikereza kutoka kwenye ubao wa plastiki nzito nyeupe, ile isiyonywa maji.

Saa 9:30 alasiri

Skrubu tatu za Senator zimekataa kutoka. Stenlesi ikikutana na metali isiyohimili kutu kama yenyewe kwenye maji ya chumvi, ile dhaifu ndiyo inayoliwa, na unga unaobaki hukamata nyuzi za skrubu kuliko gundi. Naweka ncha ya pasi ya lehemu juu ya kichwa cha skrubu kwa dakika moja, natia tone la asetoni iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi, nasubiri, napasha tena. Mbili zimeachia. Ya tatu imekatika kichwa, nami nimetamka neno ambalo sitaliandika.

Washa sasa. Za ngozi hazina ubaya. Ila ukikuta rili ya zamani yenye washa ngumu za nyuzi za kijivu, usizipige msasa wala kuzikwangua zikiwa kavu, maana zinaweza kuwa na asibesto. Mimi naziloanisha, nazifunga mfukoni, sizirudishi.

Za mzee nazikata za kaboni kama alivyoomba, ila kikomo cha breki nitakiweka mimi. Bamba la kaboni la milimita 1 nalibana katikati ya mbao mbili, natoboa tundu la ndani kwanza. Kisha nakata vipande vya pembe nyingi kwa msumeno, nazipanga zote kwenye bolti moja, naibana kwenye drili na kuzikereza kwa pamoja hadi duara la nje lifike kipimo. Barakoa usoni, na kitambaa kilicholowa pembeni. Vumbi la kaboni linawasha ngozi siku mbili, na mapafu sina mengine.

Saa 11 jioni

Hapa kanuni yangu inapinduka, na nimekaa muda mrefu nikiitazama rili kabla ya kukata chuma.

Ulimi wa Ambassadeur ukifa, mshipi hujipanga vibaya, mtu anakasirika, basi. Kizuizi cha Senator kikifa samaki akiwa anavuta, mkono wa rili hujizungusha kinyume kwa kasi na vidole viko hapo hapo. Na kwa mkono mrefu niliokubali kumtengenezea mzee, pigo lake ni zito zaidi. Kipande hiki hakiruhusiwi kufa kwanza. Kinachotakiwa kuchoka ni washa, zile duara nyeusi nilizotoka kuzikereza, ambazo naweza kukata nyingine kwa saa moja.

Kwa hiyo shaba hapana. Nimechukua bawaba ya mashua iliyovunjika, stenlesi ya milimita 3, nikakichora kizuizi kwa kufuata kile cha zamani ambacho ncha yake imekuwa mviringo kama ulimi wa kiatu kikuukuu. Tundu kwanza, umbo baadaye, maana tundu likikosea huna haja ya kuhangaika na umbo. Ncha naipima kwenye jino la gurudumu mbele ya taa: mwanga ukipita katikati, uso haujalala vizuri, narudi kwenye tupa. Ikigusa kona tu, zile kilo zote zinakaa kwenye kona. Saa nzima imeisha kwa kipande kimoja.

Saa 1 usiku

Jaribio. Rili imebanwa kwenye jiliwa, mshipi umefungwa kwenye mizani, navuta.

Breki nzuri huijui kwa nguvu, unaijua kwa jinsi inavyoanza kuachia. Mvuto wa kwanza umegoma hadi kilo 5.8, kisha ukaporomoka hadi 4.2. Mruko huo ndio unaokata mishipi. Nimefungua, nikapaka kila washa utando mwembamba wa grisi ya breki, nikafuta iliyozidi. Sasa 4.3 kuanza, 4.1 ikitembea. Kwa mshipi wa kilo 16, robo inatosha.

Halafu nimetoa mshipi hadi spuli ibaki na nusu ya upana wake kutoka katikati, bila kugusa breki. Mizani imesoma 8 na ushee. Nguvu ile ile ya kukaza, mkono wa wenzo umekuwa mfupi, basi mvuto umeongezeka maradufu. Hii nimeirekodi video nikamtumia mzee, kwa sababu wengi hukaza breki wakati samaki amekwenda mbali, na ndio wakati wa kuilegeza.

Nimeongeza bushi (kibomba kifupi) ya kugota chini ya nyota ya breki, ile nati ya kukazia. Hata ukikaza kwa hasira inafika kilo 5, inasimama. Nimemwandikia hilo pia, asije akadhani imeharibika. Amejibu kwa alama ya kidole gumba, bila maneno.

Saa 3 usiku

Grisi kwenye nyuzi za kila skrubu kabla ya kufunga, ili anayefuata asipate shida niliyopata mimi. Kile kichwa kilichokatika nimekiachia kesho.

Nafagia kwa sumaku. Redio ya karakana haina mfuniko wa nyuma tangu nilipochukua skrubu zake, na nilipoisogeza nimeiona springi ya Mitchell, ile ya pili, imenasa kwenye sumaku ya spika. Siku nzima imekuwa ikitetemeka pale na taarifa ya habari. Nimeitia kwenye kikebe, nikaandika juu yake: "Mitchell, upande sahihi."